Magoti ya Bertilla

Kuna watu waliosomeshwa na wajomba zao, kuna waliosomeshwa na mapadri. Bertilla binti Wilibrodi, wa kule Kate, Ufipa, alisomeshwa na hasira. Mkinivumilia kidogo nitawaeleza ilivyokuwa, maana hasira yenyewe haikuja siku moja, wala hakuizaa peke yake.

Mwaka 1976 kijiji chao kilikuwa bado kipya. Miaka miwili nyuma watu walikuwa wameamriwa wahame makwao wakajipange kando ya barabara, ili shule na zahanati viwafikie. Wilibrodi, baba yake Bertilla, aligoma. Wanamgambo wakaja mchana kweupe wakaiezua nyumba yake, naye amekaa ndani anavuta kiko. Akahama akiwa na mkewe Dominika, watoto na mbuzi, akayaacha nyuma matuta yake ya ulezi, yale ya mviringo yaliyofukiwa majani, yakiwa yanakaribia kuiva. Tangu siku hiyo hakumwita tena mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Adolfu, kwa jina lake. Alimwita "yule aliyeniezua."

Sasa sikilizeni. Ikaja habari kutoka mjini kwamba kila kijiji kikubwa kichague kijana mmoja aliyemaliza darasa la saba, apelekwe hospitali moja ya Sumbawanga akafundishwe kazi ya thieta, yaani chumba cha upasuaji. Afundishwe kuchemsha vyombo, kuvipanga, na kumpa daktari kimoja kimoja wakati anapasua. Akihitimu, arudi ahudumie kituo cha afya kitakachojengwa. Adolfu na wajumbe wake wakamchagua Bertilla.

"Mtoto ni wangu," Wilibrodi alisema mbele ya mkutano.

"Mzee, siku hizi mtoto ni wa kijiji," Adolfu akamjibu.

"Kijiji kilimzaa lini?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anachekesha.

Bertilla mwenyewe hakuulizwa na mtu. Wangemuuliza wangesikia kwamba kazi ile aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Alipokuwa mdogo alimsindikiza shangazi yake Silvana hospitalini, akachungulia mlangoni, akamwona mwanamke amevaa gauni la kijani, amesimama wima kando ya kitanda, mikono mbele, anatoa vyombo bila kusema neno. Shangazi alipona. Bertilla alimsahau daktari alivyokuwa. Yule mwanamke hakumsahau.

Basi akaenda. Mwalimu wao aliitwa Isakwisa, mtu wa Tukuyu, mwenye kitambi kidogo na sauti kubwa, aliyekuwa na nyumba yake mtaa wa Chanji, pale pale mjini. Alikuwa amekaa thieta miaka mingi na alijua kazi, hilo sitamnyima. Alichokuwa hana ni subira. Wanafunzi aliwafundisha akiwa ameketi mezani, amevaa glavu, macho yake ukutani, na kiganja kimenyooshwa.

"Mkasi."

Na wewe unatakiwa uutie mkasi kiganjani, kwa nguvu, mpaka usikike pa, ili daktari ajue umefika bila kuyatoa macho kwenye kidonda. Mikono yako haishuki chini ya kiuno, haipandi juu ya kifua. Ikishuka imechafuka, na wewe umechafuka nayo.

Siku ya kwanza zamu ya Bertilla ilifika. Isakwisa akanyoosha kiganja. Bertilla akachukua mkasi kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukashika kiwiko cha kulia, magoti yakakunjika, akashuka mpaka kidevu kikalingana na meza, akautoa mkasi kwa adabu zote.

Ninyi mliolelewa Ufipa mnajua alichofanya. Binti hampi mtu wa umri wa baba yake kitu akiwa amesimama kama mti. Anashuka, anashika mkono wake, ndipo anatoa. Na akipokea anapiga makofi taratibu. Hafikirii. Dominika alimfundisha binti yake kabla hajajua kusema, kwa hiyo jambo lile halikukaa kichwani, lilikaa magotini.

"Nje," Isakwisa akasema. "Umechafua. Kanawe upya."

Kunawa kwenyewe si kule kwa mezani. Ni kusugua kwa brashi na sabuni, kucha, vidole, mpaka kwenye viwiko, na maji ya Sumbawanga mwezi wa tano na wa sita mnayajua, yanauma kama kiwavi. Bertilla akanawa, akarudi.

"Koleo."

Magoti yakashuka.

"Nje."

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Ngozi ya mikono yake ikapasuka, akawa anaweka ugali mdomoni kwa ncha za vidole. Wanafunzi wenzake walikuwa wachache, na mmoja wao, Flavian, kijana wa mjini mwenye suruali pana chini, akampa jina la Misa.

"Misa ameingia," alikuwa akisema. "Jamani, tupige magoti."

Isakwisa hakumkataza. Siku moja hata alicheka. "Bertilla, hapa si kanisani, na mimi si askofu. Unaniabudu kwa nini?"

Bertilla akaenda kunawa. Nawaambieni, hakuna mahali katika siku zile zote ambapo mwalimu yule alikaa chini akamwambia: binti, najua unachofanya ni heshima, na nyumbani ni chema, ila hapa kinampa mgonjwa usaha, kwa sababu hii na hii. Dakika moja ingetosha. Hakuitoa. Alipiga kelele tu, na akasema kwamba mwezi wa nane atakuja daktari kutoka Mbeya kuwapima wakiwa kazini, na yeyote atakayekunja goti siku hiyo atarudi kijijini kwake kwa lori la kwanza.

Rafiki yake alikuwa mmoja, Cornelia, waliyelala naye chumba kimoja. Jioni Cornelia alikuwa akijifanya daktari, amejifunga shuka, amenyoosha mkono.

"Kijiko."

Bertilla anashuka.

"We Bertilla, mimi ni mdogo kwako. Unanishukia kwa nini?"

"Umekunja uso kama mzee."

"Basi nikicheka utasimama?"

Alicheka, na Bertilla akashuka tena. Cornelia akachoka. Akakitupa kijiko kitandani, akasema, "Flavian anasema wewe umekuja kuchukua nafasi ya mtu mwenye akili. Leo aliwaambia watu hivyo, kwenye foleni ya uji."

"Alisema hivyo?"

"Na mwalimu alikuwepo."

Bertilla akakichukua kile kijiko, akamtia Cornelia kiganjani, pa, hata Cornelia akasema "Aaa." Wote wawili wakatazama chini. Magoti yalikuwa yamenyooka.

Hapo ndipo alipoijua dawa yake. Akiwa na hasira, magoti hayakunjiki. Yanakaza. Basi kuanzia siku hiyo, kila alipokuwa ananawa, aliitafuta hasira kama mtu anayetafuta kuni. Alimkumbuka Flavian. Alikumbuka kicheko cha mwalimu. Zikiisha hizo alikumbuka nyumba yao inaezuliwa na mama yake amesimama nje ameshika sufuria. Akiingia thieta amejaa mpaka kooni.

"Kisu."

Pa.

"Uzi."

Pa.

Isakwisa akageuka kumtazama. "Haya," akasema. "Kumbe unaweza. Ulikuwa unatuchezea."

Neno hilo nalo Bertilla akaliweka akiba.

Lakini hasira si koti, useme nikitoka kazini nalitundika. Mwishoni mwa mwezi wa sita walipewa likizo fupi. Kijijini walikuwa wamevuna ulezi, pombe mpya imeiva, na Bertilla alipofika alimkuta baba yake ana mgeni, Mzee Eustaki, amevaa koti lake la sikukuu. Dominika alimvuta binti jikoni.

"Kawape pombe. Na uwe mtaratibu."

"Kuna nini, mama?"

"Kapeleke kwanza."

Alikuwa binti mwenye akili, akaelewa njiani, amebeba kibuyu. Eustaki alikuwa mshenga. Alikuja kumwombea mtu, kijana wake mmoja anayeitwa Oswaldi, na mazungumzo yalikuwa yamekwisha kufika mbali wakati yeye yuko Sumbawanga anachubuka mikono. Hakuna aliyemwambia. Kijiji kilimtoa bila kumuuliza, sasa baba naye anamtoa bila kumuuliza.

Akaingia. Eustaki akanyoosha mkono, bila kumtazama, kama wazee wanavyofanya wakiwa wanaendelea na mazungumzo. Kiganja juu.

Pa.

Kibuyu kilimtua kiganjani pombe ikamrukia kotini. Na Bertilla amesimama wima, mikono imerudi mbele ya kifua, vidole juu, anangoja kuombwa chombo kingine.

Yeye mwenyewe aliniambia hakukusudia. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini kosa lile lilifanywa na mkono. Mkono ulikuwa umefundishwa kwamba kiganja kikinyooshwa mbele ya mtu mwenye hasira, kinapigwa.

Mzee Eustaki alikiweka kibuyu chini bila kuonja. Akajifuta koti. Akasema kwa upole uliomuumiza Wilibrodi kuliko tusi, "Mwenzangu, binti yako amekua mrefu sana. Kwetu milango ni mifupi." Akaondoka.

Wilibrodi hakumpiga binti yake. Alitazama barabarani mpaka vumbi la mgeni likatulia.

"Walichukua nyumba," akasema. "Wakachukua shamba. Nikasema, acha, vitapatikana vingine. Sasa wamechukua magoti ya mwanangu. Huendi tena kule."

"Baba, nitakwenda."

"Unanijibu umesimama?"

Bertilla akashuka, mara moja, akapiga makofi, akaomba radhi. Akiwa chini pale pale akarudia, "Nitakwenda."

Aliyemrudisha ni Adolfu. Alikuja mwenyewe kusema kwamba hilo si suala la nyumba moja, ni mpango wa kijiji, na lori la ushirika linaondoka asubuhi. Wilibrodi alimpa mgongo yule aliyemwezua. Ila aliuliza watu, polepole, ile siku ya kupimwa ni lini.

Na siku ile ilipofika, alikuwepo. Asubuhi Bertilla anatoka bwenini kwenda kunawa, anamwona baba yake kwenye nyasi mbele ya jengo, amevaa blanketi begani, na kando yake sanduku la bati. Lilikuwa sanduku la Bertilla. Alikwisha kumwambia mlinzi wa bweni kwamba ametumwa alichukue, na mlinzi, alipoona ni mzazi, akampa.

Isakwisa naye akatokea, amevaa shati lililopigwa pasi kwa ajili ya mgeni wa Mbeya.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Tukusaidie nini?"

"Marahaba. Nimemfuata mwanangu."

"Leo anapimwa. Subiri mchana."

"Mmekwisha kumpima. Mmempima mkaona magoti yamezidi, mkayakata."

"Mzee, mimi nimemfundisha kazi. Akipiga magoti kule ndani, mgonjwa anakufa."

"Wewe mkeo akikupa chai, anakupaje?"

Isakwisa akaiweka sawa kola ya shati. Wanafunzi walikuwa wamejikusanya, Flavian mbele. Wote walikuwa wamepata kutumwa kule Chanji, wamemwona mke wa mwalimu, Mama Atusaye, anavyoshuka na kikombe mpaka goti liguse sakafu.

"Nyumbani ni nyumbani," Isakwisa akasema.

"Na huyu hana nyumbani? Atalala kwenye thieta yenu mpaka afe?"

"Mzee, mchukue basi kama unataka. Nafasi yake itapata mtu. Mimi hata hivyo sikuwa na uhakika na magoti yake."

Wakaendelea hivyo, mmoja anasema magoti yamenyooka mno, mwingine anasema hajui kama yamenyooka vya kutosha. Mnadani mbuzi hutazamwa miguu namna ile ile. Bertilla alisikiliza mpaka akachoka.

"Magoti ni yangu," akasema.

Wazee wote wawili wakageuka.

"Mwalimu, miezi yote hii umenitoa nje, umenicheka, umeacha nichekwe. Hukuniambia hata mara moja kwa nini. Sababu nilielezwa na nesi, tukiwa tunafua. Ungeniambia wewe, ningejifunza bila kukuchukia. Na wewe, baba, ulimwita mtu anywe pombe juu yangu na mimi sijui. Ulimkasirikia Adolfu kwa kunitoa bila kuuliza. Wewe uliuliza nani?"

"Unasikia?" Wilibrodi akamwambia Isakwisa. "Unasikia anavyosema na mimi?"

"Na mimi pia amenisema," Isakwisa akajibu.

Kwa mara ya kwanza walikuwa wamekubaliana. Bertilla akawaacha pale, akaenda kunawa, na siku hiyo hakuhitaji kukumbuka Flavian wala mtu mwingine. Kuni zilikuwa tele.

Mgonjwa alikuwa mkulima wa makamo mwenye ngiri. Alikuwa amechomwa sindano ya mgongoni, kwa hiyo toka kiunoni kushuka chini hana habari, lakini juu yuko macho, ametenganishwa na kidonda kwa shuka. Bertilla akasimama mahali pake. Vyombo vimepangwa, mikono mbele. Isakwisa ukutani, amekunja mikono.

Daktari akaingia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana alikuwa mtu mwema.

Aliitwa Daktari Ambilikile. Nywele nyeupe zilichungulia chini ya kofia, na macho yake juu ya kitambaa cha mdomo yalikuwa na mikunjo ya mtu aliyezoea wajukuu. Alimsalimia mgonjwa, akamuuliza habari za mahindi. Kisha akanyoosha kiganja.

"Nipe kisu, mwanangu."

Bertilla akatoa kisu, pa. Lakini alihisi kitu kinavuja.

"Asante, mama. Umeshika vizuri."

Tangu afike hakuna mtu aliyemwambia asante ndani ya chumba kile. Hasira ikaanza kumtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Akamtafuta Flavian, hakumpata. Akamtafuta mwalimu, akamwona mzee tu mwenye shati lililopigwa pasi. Akamtafuta baba yake, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu alimkumbuka na blanketi lake kwenye baridi.

"Koleo, mwanangu. Polepole, hatukimbizwi."

Akatoa koleo, na goti la kulia likalegea. Kidogo, kama upana wa kidole, lakini alilisikia. Mkono wa kushoto nao ukaanza safari ya kwenda kushika kiwiko. Isakwisa aliona. Alitoka ukutani hatua moja. Kidonda kiko wazi, mgonjwa yuko macho, na Bertilla alijua kwamba akiitwa mwanangu mara moja zaidi, atashuka mpaka chini, na hataamka tena kwenye kazi ile.

"Daktari," akasema.

Kazini mtoa vyombo hasemi. Hata koleo mkononi mwa daktari lilisimama.

"Sema."

"Naomba usiniite mwanangu mpaka tumalize."

Isakwisa akasema kwa sauti ya chini, "Bertilla, una wazimu?"

"Ukiniita mwanangu nitapiga magoti," Bertilla akasema, na sauti yake ilikuwa kali, maana sasa alikuwa anamkasirikia hata mtu mwema kwa wema wake. "Nimelelewa hivyo. Nikipiga magoti nitachafua. Niite kwa ukali."

Kutoka upande wa pili wa shuka mgonjwa akauliza, "Jamani, mnagombana na mimi nimefunguliwa?"

"Hatugombani, mzee," daktari akamjibu. "Tunaelewana." Akamtazama Bertilla, si kwa muda mrefu. Kisha akarudisha macho kwenye kidonda na kunyoosha kiganja kama mtu anayedai chake.

"Mkasi."

Pa.

"Uzi. Haraka."

Pa.

"Unalala? Koleo."

Pa.

Wakaenda hivyo mpaka mshono wa mwisho, daktari anafoka, Bertilla anapiga kiganja, goti limenyooka kama mpini. Walipomaliza daktari alivua glavu, akamwambia Isakwisa, "Huyu amepita," akaenda kunywa chai. Isakwisa alimfuata akieleza kwamba si yeye aliyemfundisha kuwaamrisha madaktari. Mpaka mwisho wa maisha yake ya kazi, nasikia, hakumsamehe, lakini hakumtoa nje tena.

Bertilla akavua gauni la kijani, akabaki na sare. Akachota maji kwenye kikombe, akatoka.

Baba yake alikuwa bado kwenye nyasi. Mchana ulikuwa umefika na upepo wa mwezi wa nane unapuliza vumbi. Bertilla alishuka mbele yake, magoti yote mawili ardhini, mkono wa kushoto chini ya kiwiko, akampa maji kama mama yake alivyomfundisha, bila kukosea kitu.

Wilibrodi akapokea, akanywa yote. Uso ulikuwa umeanza kulainika.

"Nimepita, baba," Bertilla akasema, akiwa bado chini. "Siendi nyumbani."

Kikombe kikasimama hewani.

"Umenipigia magoti ili unikatalie?"

"Nimekupigia magoti kwa sababu wewe ni baba yangu. Kukataa ni jambo jingine."

"Heri ungekataa umesimama," Wilibrodi akasema. "Ningejua nimkasirikie nani."

Akakiweka kikombe kwenye nyasi. Akanyanyuka, akajitwika sanduku la bati kichwani, na nguo zote za Bertilla zikiwa ndani, viatu vya kanisani ndani, akaelekea kwenye stendi ya malori bila kuaga. Bertilla angeweza kumkimbilia. Hakukimbia. Alibaki pale chini mpaka baba yake alipokata kona, ndipo akajikung'uta vumbi, akiwa na sare aliyoivaa na si kitu kingine duniani.

Wiki zilizofuata alijifunga kanga za Cornelia. Alipopata mshahara wa kwanza akanunua za kwake. Kituo cha afya cha kijiji kilichelewa mno kujengwa, kwa hiyo alibaki thieta ya mjini miaka mingi, na wanafunzi wapya waliopita mikononi mwake alikuwa akiwaambia sababu kwanza, kisha anawafokea.

Kila mwaka alikwenda kwao likizo. Alimpa baba yake chakula amepiga magoti, baba akapokea, wakaulizana habari za mvua. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda cha mzee, limefungwa kwa kufuli, ncha yake inaonekana. Bertilla hakuliomba, na Wilibrodi hakulitoa.